Plagi za injini ya 1NZ: zibadilishe mwenyewe, na usitupe zile kuukuu

Kubadilisha plagi (vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli) za Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder na baadhi ya Vitz na Premio, ni kazi ya chini ya saa moja. Nashauri mwenye gari aifanye mwenyewe, na sababu yangu si kuokoa hela ya fundi. Plagi nne zinazotoka ndizo zinazoeleza hali ya injini yako, na gereji nyingi huzitupa kabla hujaziona.

Anza na ununuzi. Plagi ya kawaida ya injini hii ni Denso K16R-U11: meno ya milimita 14, kichwa cha spana 16, na 11 ya mwishoni ina maana ya nafasi ya milimita 1.1 kwenye ncha. Namba 16 ni kiwango cha joto, na kwa NGK inalingana na 5. Usichukue 20 ukidhani kubwa ndiyo bora. Hiyo ni plagi baridi zaidi, na kwa safari fupi za mjini itashika masizi. Herufi R nayo usiipuuze, maana ni ukinzani unaozuia cheche kuvuruga redio na kompyuta ya gari. Plagi bandia ni nyingi, kwa hiyo kagua: maandishi yaliyofifia, ncha iliyokaa upande, au washa (ile pete ya chuma kwenye meno) inayodondoka yenyewe ni dalili za kukataa mzigo.

Vifaa: soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni ya kama sentimita 25, soketi ya 10, fila geji (vibao vyembamba vya kupimia nafasi), na spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata.

Injini iwe imepoa kabisa. Hedi yake, sehemu ya juu ambamo plagi hufungwa, ni ya alumini, na kufungua plagi ikiwa ya moto ni kuyaweka meno ya hedi hatarini. Toa kava la plastiki. Kwenye baadhi ya magari boksi la ea klina (chujio la hewa) limekaa juu ya injini, litoe pia. Chomoa soketi ya waya wa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, kwa kubonyeza kishikio chake, usivute waya, kwani plastiki hiyo hukauka kwa joto na kukatika kirahisi. Fungua bolti ya 10, zungusha koili kidogo kulia na kushoto, kisha ivute wima.

Kabla ya kugusa plagi, puliza shimo kwa upepo wa kompresa au hata pampu ya baiskeli. Mchanga ulio kwenye shimo utaingia kwenye silinda mara plagi inapotoka. Ukikuta oili shimoni, ikaushe kwa kitambaa kwanza. Hiyo ni dalili kwamba gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) imechoka. Usipoibadilisha, oili italainisha mpira wa koili na gari litaanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, hata likiwa na plagi mpya.

Toa moja, funga mpya, ndipo uende kwenye inayofuata. Zile kuukuu zipange kwa mfuatano, ya kwanza ikiwa ya upande wa mkanda wa alteneta. Sasa zitazame vizuri. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ea klina imeziba. Nyeusi yenye unyevu wa oili inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu zinazopitisha oili. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi, nalo halivumiliki. Tafuta chanzo kabla ya safari ndefu. Cha muhimu zaidi ni tofauti kati yao: zote nne zikifanana, tatizo ni la injini nzima, moja ikitofautiana, shughulika na silinda hiyo. Pete ya kahawia chini ya kauri, kwa nje, wengi hudhani ni moshi unaovuja. Ni doa la umeme tu, halina madhara.

Pima nafasi ya kila plagi mpya. Ikihitaji kurekebishwa, pinda ule mkono wa nje pekee. Plagi ya iridiamu usiipinde, ncha yake huvunjika. Na plagi yoyote iliyoanguka sakafuni usiifunge. Kauri inaweza kuwa na ufa usioonekana.

Hapa pa kufunga ndipo injini huharibiwa. Shika ekstensheni kwa vidole, bila racheti. Zungusha kwanza kinyume mpaka uhisi meno yanakaa, kisha funga. Lazima iingie kwa vidole hadi chini. Ikikaza baada ya mzunguko mmoja, itoe uanze upya. Meno ya alumini yakifa, utaenda kuwekewa meno mapya kwa mashine. Ikishakaa, kaza kwa 18 Nm. Huna toki? Plagi mpya yenye washa izungushe nusu mzunguko zaidi, usizidishe theluthi mbili. Usipake grisi kwenye meno: hupunguza msuguano, ukajikuta umekaza kupita kiasi. Ikilegea nayo haipoi vizuri, kwa kuwa joto lake hutoka kupitia hedi.

Rudisha koili, uisukume hadi ikae, na soketi ya waya isikike ikibana. Injini ikimisi baada ya kuwasha, kagua soketi hizo kwanza. Kama ipo kodi (namba ya hitilafu kutoka kompyuta ya gari) ya P0302, shida iko silinda ya pili: hamisha koili yake kwenda ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, nunua koili. Ikibaki ileile, hamisha plagi pia kabla ya kushuku injekta, kinyunyizio cha petroli. Usiliendeshe gari likimisi wakati unatafuta, kwani petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi, nayo ni ghali kuliko seti nzima ya koili.