Rhodes: lile sanamu halikutanua miguu bandarini, na uongo mwingine wa mji ule

Kila nikisikia mtu ametoka Ugiriki na akapitia Rhodes, najua picha gani inafuata. Nguzo mbili pale mlangoni mwa bandari ya Mandraki, juu yake kulungu wawili wa shaba, dume na jike, na chini ameandika eti hapa ndipo ilipokanyaga miguu ya lile sanamu kubwa la kale. Sasa mimi sio profesa, ni mtu tu niliyekulia Mombasa, Fort Jesus naipita kila siku mpaka nikawa siioni tena, halafu nikabahatika kukaa Rhodes wiki moja na tangu hapo nimekuwa mkorofi kwa hizi hadithi. Mji wenyewe ni mtamu, mji mkongwe umezungushiwa kuta za enzi za kati karibu kilomita 4, UNESCO wameuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1988, na wanaosoma Biblia wanaujua, ndio ile Rodo ya Matendo 21 ambayo Paulo alipitia akielekea Patara. Ila uongo unaouzwa pale pamoja na tisheti, we acha tu.

"Sanamu lilisimama mguu huku mguu kule, meli zinapita katikati"

Hii ndio mama yao. Sanamu lilikuwepo kweli, hilo halina ubishi, lilikuwa la Helios mungu jua, kazi ya Chares wa mji wa Lindos hapo hapo kisiwani, likakamilika kama mwaka 280 KK baada ya miaka 12 ya kazi. Pesa zilitoka kwenye kuuza mitambo ya vita aliyoiacha Demetrius aliyekuja kuuzingira mji mwaka 305 KK akashindwa akaondoka zake. Urefu mita kama 33, sema jengo la ghorofa 10. Likasimama miaka hamsini na kitu basi, kwenye mwaka 226 KK likaja tetemeko likalivunja magotini, likaanguka likalala hapo.

Na hapo kwenye kulala ndipo penye jibu. Waandishi wa kale, Strabo na Pliny, wanalieleza likiwa chini na watu wanaenda kulishangaa, Pliny anasema wachache tu ndio wangeweza kukumbatia dole gumba lake mikono ikakutana. Sasa niambie, lingekuwa limetanua miguu juu ya mlango wa bandari si lingeangukia majini? Lingeziba njia ya meli na nani angeenda kukumbatia dole gumba chini ya bahari. Halafu fikiria na ujenzi wenyewe, mji unaoishi kwa biashara ya baharini ufunge bandari yake miaka 12 kisa sanamu, wafanyabiashara gani wangekubali, hata kwetu hapa geti la bandari likifungwa siku mbili tu kelele zake unazijua.

Sasa hadithi ilitoka wapi? Kumbe ni ya enzi za kati. Kuna mwandishi wa hati wa Kiitaliano, Nicola de Martoni, alikuwa anahiji akapita Rhodes mwaka 1395, wenyeji wakamwambia mguu mmoja ulikuwa pale lilipo kanisa la Mtakatifu Nikolasi mwishoni mwa gati na mwingine ng'ambo ya pili, naye akaandika alivyosikia. Hio ni zaidi ya miaka 1,600 tangu sanamu lianguke! Karne ya 16 wachoraji wa Ulaya kina Maarten van Heemskerck wakachora kwa nguvu ya kichwa chao, na sisi leo tunazibeba zile picha kama ushahidi. Lilisimama wapi hasa, wataalamu bado wanavutana, wengine wanasema kando ya bandari, wengine juu kilimani karibu na mahekalu.

Kuna na mkia wa hadithi, kwamba Waarabu walipofika miaka ya 650 waliuza shaba yake kwa mfanyabiashara wa Edessa akaibeba kwa ngamia 900. Hio imeandikwa na Theophanes ambaye aliishi zaidi ya karne moja baadae, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Mimi hizo ngamia nazipenda lakini siziapii.

"Kasri la Mkuu ni la karne ya 14, angalia ile minara"

Nusu ya hii ni kweli, ndio maana inawapata wengi. Kasri la Mkuu wa Shirika la Mtakatifu Yohane, wale watawa wapiganaji waliotawala Rhodes enzi hizo, lilijengwa kweli karne ya 14, juu ya ngome ya Wabizantini iliyokuwepo kabla. Lakini unalolipigia picha leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waitaliano ya 1937 hadi 1940. Ndio, umri wa bibi yako.

Ilikuwa hivi. Waturuki walipouchukua mji, kasri likaachwa lichakae, likawa gereza. Karibu yake kulikuwa na kanisa la Mtakatifu Yohane ambalo walikuwa wameligeuza msikiti, na chini yake kulikuwa na baruti. Mwaka 1856 radi ikapiga, baruti ikalipuka, kanisa likaisha, mamia ya watu wakafa na ghorofa ya juu ya kasri ikaenda nayo. Kwa hio kwa miaka 80 hivi pale palikuwa magofu tu. Waitaliano waliokiteka kisiwa mwaka 1912 ndio wakaja kulijenga upya chini ya msanifu majengo wao, Vittorio Mesturino, na nia haikuwa mapenzi ya historia peke yake, walitaka liwe makazi ya mapumziko ya mfalme Vittorio Emanuele III na ya Mussolini. Zile mozaiki nzuri sakafuni ambazo watu huambiwa wapiganaji walikuwa wanazikanyaga? Zilibanduliwa kisiwa cha Kos zikaletwa pale. Ni za kale kweli, za enzi za Wagiriki na Warumi, ila hapo ni wageni kama wewe.

Na sio kasri peke yake. Lango la Eleftherias ambalo watu wengi wanaingilia wakitokea Mandraki, wakidhani wanapita alipopita askari wa vita vya msalaba, lilifunguliwa na Waitaliano mwaka 1924. Lile jengo la gavana ufukweni lenye matao ya gothiki kama Venice, ukisikia mtu anasema ni la Waveneti mpe pole, mchoro ni wa Florestano Di Fausto, miaka ya 1920 hio hio. Kinachonichekesha ni kanisa la Evangelismos hapo jirani, la 1925, limejengwa kwa kuiga sura ya lile la Mtakatifu Yohane lililolipuka, yaani kivuli kipo na mwenyewe hayupo.

Ukitaka jengo la wapiganaji lenye mwili wake nenda ile hospitali ambayo sasa ni makumbusho ya akiolojia. Ilianza 1440 ikaisha 1489. Imekarabatiwa nayo, lakini ukuta ni ukuta.

"Walikuwa Templars"

Hapana, hao Templars ni shirika jingine la watawa wapiganaji. Sinema zimetuharibu. Rhodes ilikuwa ya Shirika la Mtakatifu Yohane, wale watawa wa hospitali, ambao kazi yao ya mwanzo Yerusalemu ilikuwa kutunza wagonjwa na mahujaji, upanga ulikuja baadae. Akka, ngome ya mwisho ya Wakristo kwenye Nchi Takatifu, ilipoanguka 1291 wakakimbilia Kupro, mwaka 1309 wakauchukua mji wa Rhodes kutoka kwa Wabizantini, Wakristo wenzao hao. Templars wao walivunjwa na Papa mwaka 1312 na mali zao nyingi wakapewa hawa hawa. Waligawanyika kwa "ndimi", yaani kwa walikotoka, mwishoni zilikuwa 8: Provence, Auvergne, Ufaransa, Italia, Aragon, Uingereza, Ujerumani na Castile, kila ulimi una nyumba yake ya kulia na kukutania na kipande chake cha ukuta cha kulinda. Ile Barabara ya Wapiganaji yenye hizo nyumba imenyooka kama rula, na watu husema wapiganaji walipenda nidhamu, kumbe inafuata mtaa wa Wagiriki wa kale, mji ulipangwa kwa mistari tangu ulipoanzishwa 408 KK.

"Handaki lilikuwa limejaa maji"

Niliwahi kumsikia baba mmoja akimsimulia mtoto wake kuhusu mamba. Mamba, Rhodes! Lile handaki linalozunguka kuta lilikuwa kavu tangu mwanzo, halikuhitaji tone la maji, kazi yake ilikuwa kumfanya adui ashuke kwenye shimo pana halafu apigwe kutoka pande zote. Leo unatembea humo chini bure, kuna miti na mawe ya mviringo ya mizinga yamelala huku na huku, na kwangu ndio matembezi bora ya mji mzima kwa sababu hapo unazisoma kuta kama kitabu.

Maana dhana nyingine ni kwamba ukuta ukiwa mrefu ndio imara. Ilikuwa hivyo zamani za mishale. Mizinga ilipokuja, ukuta mrefu mwembamba ukawa mzigo, ukipigwa unajimwaga wenyewe. Rhodes wamelijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1480 Waturuki wa Mehmed wa Pili waliwazingira kama miezi mitatu wakashindwa, mwaka uliofuata tetemeko likamalizia kuvunja, na Mkuu Pierre d'Aubusson akajenga upya: kuta zikanenepeshwa, kwingine zinafika mita 12, handaki likapanuliwa, na baada yake zikaongezwa buruji nene za kubeba mizinga. Ukikaa pale chini ukatazama, halafu ukafikiria Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, utaona ni mawazo ya ukoo mmoja, fupi, nene, pembe zimechomoza ili kila ukuta ulindwe na jirani yake. Nimeishi miaka thelathini karibu na jengo na nimekuja kulielewa nikiwa kwenye shimo la Wagiriki.

"Mizinga ya Suleiman ndio iliangusha mji"

Mizinga ilichangia ila vita vya 1522, sultani Suleiman wa Waturuki alipouzingira mji, vilikuwa zaidi vya chini ya ardhi. Wachimbaji wa Kituruki walichimba chini kwa chini mpaka kwenye msingi wa ukuta, wanajaza baruti, wanalipua. Wapiganaji walikuwa na injinia wa Kiitaliano, Gabriele Tadini, akawa anawamba ngozi kama za ngoma chini ya ardhi na kutundika vikengele, mtu akipiga sururu upande wa pili ngozi inatetemeka kengele inalia, nao wanachimba kumfuata. Hii kwangu inashinda sanamu lote na ngamia wake, sijui kwa nini haipo kwenye postikadi. Hata hivyo hawakuziwahi zote, mwezi wa tisa mlipuko mmoja ulitoboa kama mita 10 kwenye buruji la Waingereza.

Na mji haukutekwa kwa kuvunjwa mlango. Baada ya miezi karibu sita pande zote zimechoka, wenyeji wanataka amani, Mkuu Philippe Villiers de L'Isle-Adam akakubali masharti. Wapiganaji wakaondoka kwa heshima na silaha zao tarehe 1 Januari 1523, wakatangatanga mpaka wakapewa Malta 1530. Raia wakapewa miaka mitatu ya kuamua kubaki au kuondoka. Kwa hio ile ya "Waturuki walichinja kila mtu wakabomoa kila kitu" sio kweli, lakini tusiwapake asali pia, masharti yalisema makanisa hayatageuzwa misikiti na mengi yakageuzwa, Wagiriki nao baadae wakatakiwa walale nje ya kuta. Wakati huo huo zile kuta na nyumba za Barabara ya Wapiganaji tunazo leo kwa sababu Waturuki hawakuona haja ya kubomoa, na wakaongeza ya kwao, maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya 1793 bado ipo karibu na msikiti wa Suleiman.

"Rhodesia ilipewa jina la kisiwa hiki, basi ndio uhusiano wetu"

Rhodesia ilikuwa jina la Cecil Rhodes, Mwingereza, kisiwa hakihusiki. Uhusiano upo ila ni mwingine na watu hawaujui. Rhodes ilikuwa na Wayahudi kwa karne nyingi, wengi wao Wasefaradi, yaani wenye asili ya Hispania, wanaoongea Kiladino, Kihispania chao cha kale, na mwanzoni mwa karne ya 20 maisha yakibana vijana wao wakaanza kwenda kutafuta riziki, wengine Marekani, wengi wakaja Kongo ya Wabelgiji, Katanga, wakafungua biashara Elisabethville ambayo ndio Lubumbashi ya leo. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi yule mwanasiasa wa Kongo, alikuwa mmoja wa Wayahudi wa Rhodes waliohamia huko. Wale waliobaki kisiwani, Julai 1944 Wajerumani wakawakusanya zaidi ya 1,600 wakawapeleka Auschwitz, waliotoka hai ni kama 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliweza kuwaokoa kama arobaini kwa kudai ni raia wake au ni familia za raia wake.

Watalii wengi huishia kasrini, huku chini mtaa wa Wayahudi wanapita wakitafuta aiskrimu. Sinagogi ya Kahal Shalom iko hapo, ya 1577, kongwe kuliko zote zilizobaki Ugiriki. Ingieni.