Texas: kibali cha programu ya vipaji hakiji kwa barua

Anayetoka Tanzania akisikia habari za watoto wenye vipaji huwaza Kibaha, Ilboru au Mzumbe: shule nzima imetengwa, na mtoto hufikishwa pale na matokeo yake ya mtihani. Texas ni kinyume chake. Kifungu cha 29.122 cha sheria ya elimu ya jimbo kinaitaka kila wilaya ya shule (mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma) iwe na utaratibu wa kuwatambua watoto hawa na kuwahudumia katika kila ngazi ya darasa. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeuliza apeleke wapi maombi ya kibali cha programu ameshapotea njia. Hakuna mkaguzi atakayekuja kutundika cheti ukutani. Wilaya yenyewe humthibitishia kamishna wa elimu, kila mwaka, kwamba programu yake inafuata mpango wa jimbo wa elimu ya watoto wenye vipaji, uliohuishwa mwaka 2019.

Saini ya uthibitisho huo ina bei. Tangu 2021 wilaya hupata fungu la kiwango cha msingi (fedha ambazo jimbo huhesabu kwa kila mwanafunzi) mara 0.07 kwa kila mtoto aliyetambuliwa, ila hesabu inakomea asilimia 5 ya wastani wa mahudhurio. Chukua wilaya ya wanafunzi 4,000 na kiwango cha msingi cha dola 6,160, kilichowekwa 2019 na kutumika hadi 2025. Hata ikiwa imetambua watoto 320, italipwa kwa 200: dola 86,240. Kamishna akiona wilaya haikufuata mpango, hukata fedha kwa kizidisho cha 0.12 badala ya 0.07, na hapo wilaya hiyo hiyo inapoteza dola 147,840. Adhabu imezidi zawadi! Ndiyo maana makaratasi yatangulie saini.

Karatasi ya kwanza ni sera iliyopitishwa na bodi ya wilaya na kusambazwa kwa wazazi. Nyingi huandikwa vizuri kuhusu kuingia, zikanyamaza kuhusu yanayofuata. Kanuni inataka sera iseme pia mtoto anasimamishwa vipi kwa muda bila kufutwa, anapimwa upya lini, anatoka kwa utaratibu gani, aliyehamia kutoka wilaya nyingine anapokelewaje, na mzazi asiyeridhika anakata rufaa kwa nani.

Ya pili ni mafunzo ya walimu, na kwa maoni yangu hapa ndipo programu nyingi zinapovujia. Mwalimu wa watoto hawa anatakiwa awe na saa 30 za mafunzo ya msingi: tabia na mahitaji yao, namna ya kuwatambua, hali yao ya kihisia na kijamii, ubunifu, na mtaala uliorekebishwa. Zigawe kwa siku tano za saa sita utaona si mzigo mkubwa. Aliyepangiwa darasa kabla ya kuzipata lazima azimalize ndani ya muhula mmoja. Kisha kuna saa 6 kila mwaka. Sasa tazama jinsi mambo yanavyoharibika: mwalimu aliyefunzwa anahama mwezi wa Agosti, anaajiriwa mwingine kwa haraka, muhula unapita, hakuna anayehesabu. Au cheti kipo lakini kimeandikwa jina la semina tu, bila idadi ya saa. Na mara nyingi anayesahaulika ni mkubwa mwenyewe: kiongozi au mshauri wa wanafunzi mwenye mamlaka juu ya programu naye anadaiwa saa 6. Jedwali moja lenye jina, tarehe, saa na nakala ya cheti, likipitiwa Septemba na Januari, linatosha kuziba tundu hilo.

Kumchagua mtoto ni kazi ya kamati ya walimu wasiopungua watatu, wote wamefunzwa, na mbele yao kuwe na vipimo visivyopungua vitatu, vingine vya alama na vingine vya kuangalia kazi na mwenendo. Kosa la kawaida ni kuchukua alama ya jumla ya jaribio moja na kuigeuza mlango. Chukulia mtoto wa familia ya Kikongo iliyohamia Houston, mwaka wa pili tu akisoma kwa Kiingereza. Katika CogAT, jaribio la uwezo wa kufikiri, amewapita wenzake 96 kati ya 100 kwenye hesabu, 93 kwenye maumbo, lakini 41 kwenye maneno. Alama ya jumla inamshusha, na anayesoma mstari wa mwisho peke yake anafunga jalada. Ile 41 imepima miaka yake miwili ya Kiingereza. Mpango wa jimbo unataka mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa au kwa jaribio lisilotumia maneno, mfano wa NNAT, na kamati inayosoma sehemu kwa sehemu itamwona.

Fomu ya mwalimu nayo ina mtego wake. Zipo zinazouliza kama mtoto "huhoji", "hubishana", "hujitokeza kwanza". Mtoto aliyelelewa asimkatize mkubwa anapozungumza atapata sifuri kwa sababu ya adabu yake. Mzazi aulizwe mtoto afanyavyo nyumbani: nani anapiga hesabu za duka, nani anamtafsiria mama hospitalini, nani alifungua redio akairudisha ikalia.

Halafu huduma yenyewe. Wilaya nyingi huwatoa watoto darasani saa moja kwa wiki, wakajenga minara ya tambi, wakarudi. Inapendeza kwenye picha za jarida la shule. Mpango, hata hivyo, unataka masomo manne ya msingi yote yaguswe, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na nafasi ya kufanya kazi na wenzao wa kiwango chao, na watoto wengine, na peke yao, mwaka mzima. Mtoto wa darasa la nne anayejua sehemu na desimali tangu la tatu hana faida na mnara wa tambi Jumatano ikiwa Alhamisi atapewa kurasa zile zile za sehemu na desimali. Mpangeni kwenye hisabati ya darasa la tano saa ile ile, na mwandike kwenye ratiba ni mwalimu gani anampokea.