Kwa nini namba ya NIDA haipaswi kuhifadhiwa kama namba

Kila ninapokabidhiwa mfumo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) hapa Moshi husikia kauli ileile: data za wanachama zimeharibika kwa sababu mfumo ni wa kizamani, hivyo uandikwe upya kwa lugha ya kisasa na tatizo litakwisha. Halikwishi, na nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo.

Tuchukue namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Karani anapoichapa kwenye Excel bila vistari, Excel hutunza tarakimu 15 za mwanzo na kuzigeuza tano za mwisho kuwa sifuri. Akiona seli inaonyesha 1.98501E+19, hubadilisha muundo wake uwe maandishi akiamini kwamba amerekebisha, ilhali tarakimu zile zilipotea pale alipobonyeza Enter na hakuna muundo utakaozirudisha. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu hupotea vivyo hivyo, ila hiyo angalau inakisika.

Excel haiko peke yake. Inafuata kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 cha jinsi kompyuta inavyotunza namba, ambacho katika namba ya biti 64 (yaani sifuri na moja 64) hutoa usahihi wa biti 53 tu kwa ajili ya tarakimu zenyewe. Brendan Eich alipoiunda JavaScript, lugha ya programu ya vivinjari, mwaka 1995, aliipa lugha hiyo aina moja tu ya namba, nayo ni hiyohiyo. Namba kamili ni salama humo hadi 9 007 199 254 740 991, yaani tarakimu 16. Kufikia ukubwa wa namba ya NIDA, namba zinazoweza kuwakilishwa huruka kwa hatua ya 4096, kwa hiyo watu wawili ambao namba zao zinatofautiana katika tarakimu tatu za mwisho wanaweza kuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo hoja ya kuandika upya inapovunjika. JavaScript ilipata BigInt, aina ya namba kamili isiyobanwa na biti 53, mwaka 2020, lakini JSON.parse, amri yake ya kusoma JSON (muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupokezana data), bado husoma namba kwa aina ile ya zamani. Naweza kuandika upande wa seva kwa lugha za kisasa kama Go au Rust, nikachagua aina sahihi na kupima kila kitu. Namba ikishatumwa kwa JSON bila alama za nukuu, kivinjari kitaipokea ikiwa imepotoka, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Mpaka huo wa zamani wa tarakimu hauishi ndani ya programu uliyoifuta. Unaishi mahali ambapo programu mbili hupokezana data, na pale hakuna anayeandika upya peke yake.

Wengine hukimbilia namba kamili ya biti 64. Hata ile isiyobeba alama ya hasi huishia 18 446 744 073 709 551 615, kwa hiyo ingewatosha tu waliozaliwa hadi mwisho wa mwaka 1844.

Ihifadhiwe kama maandishi, basi, kuanzia fomu hadi kwenye kanzidata, na katika JSON iwekwe ndani ya alama za nukuu. Hata hivyo, maandishi nayo huleta taabu: yenye vistari na isiyo navyo huwa wanachama wawili, na herufi O hujipenyeza mahali pa sifuri. Mimi huondoa vistari na nafasi mara tu namba inapoingia, kisha nahakikisha kwamba zimebaki tarakimu 20. Ninachosita ni kumkataa mwenye tarakimu 19. Mkulima aliyeshuka kutoka Kibosho akikataliwa dirishani, karani humwandika kwenye daftari, na daftari huja kuingizwa kwa haraka mwisho wa msimu, kwa kawaida kupitia Excel. Kwa sasa naruhusu namba pungufu iingie ikiwa na alama ya kuhakikiwa, japo najua wapo wahandisi makini ambao wangeikataa palepale, na hoja yao ina uzito.