“Gari langu la zamani, nani atalidukua?”

Wiki hii nimelisikia mara ya nne. “Fundi, hii ni Noah ya 2004, haina intaneti. Nani ataidukua?” Safari hii nilimwomba mwenye gari asubiri dakika tano. Nikafungua plastiki ya chini ya usukani, nikapenyeza mkono nyuma ya waya za swichi, nikatoa kiboksi cheusi kilichoviringishwa solotepu. Ndani kuna laini ya simu. Ni GPS aliyofungiwa mwaka juzi ili alifuatilie gari na kulizima likiibiwa, kisha akaisahau. Hiyo ndiyo intaneti ya Noah yake.

Kwa ruhusa yake nikaitumia laini ile meseji kutoka simu yangu, ya kuuliza gari liko wapi, na neno la siri la kiwandani: 123456. Kikajibu papo hapo, kikatuma ramani ya gereji yetu. Meseji ya namna hiyo, kwa neno lilelile, ndiyo inayokata pampu ya mafuta kupitia relei, swichi ya umeme iliyofungwa pembeni. Yeyote mwenye namba ile, awe fundi aliyefunga, aliyesajili laini au dereva uliyemwachisha kazi, anaweza kukuzimia gari ukiwa unapanda mlima Kitonga na lori liko nyuma yako.

Wala si mambo ya kufikirika. Julai 2022 kampuni ya usalama wa mtandao ya BitSight ilitangaza kasoro sita kwenye MV720, GPS ya magari ya kampuni ya MiCODUS ya China, na CISA, taasisi ya usalama wa mtandao ya serikali ya Marekani, ikatoa tahadhari. Kasoro mojawapo ilikuwa neno kuu la siri lililochomekwa ndani ya mfumo wenyewe: ukilipata, unatuma amri kama mwenye gari. Na ile 123456 ilikuwapo, bila kifaa kumlazimisha mtu aibadilishe.

Kwa hiyo ukifungiwa GPS, badilisha neno la siri siku hiyohiyo, na fundi asilione, hata kama fundi ni mimi. Na kama huna haja ya kuzima injini kwa simu, waya wa pampu usiunganishwe kabisa. Hapa nabishana na wateja kila siku, na sitaacha: kujua gari liko wapi kunatosha kabisa kwa watu wengi.

“Yanayodukuliwa ni yale yanayojiendesha tu.” Mwaka 2015 watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa nyumbani na kompyuta zao, waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu ya St. Louis, Marekani, wakaifanya ipoteze nguvu. Usukani ulikuwa mikononi mwa mwandishi wa habari aliyekubali jaribio hilo. Mlango wao ulikuwa redio yenye mtandao wa simu. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa programu, kwa hiyo acheni pia kuogopa masasisho.

“Ufunguo ninao mfukoni, wataliwashaje?” Kwa magari ya kubonyeza kitufe, mwizi mmoja anasimama karibu na ufunguo wako na kifaa cha kunasa mawimbi, mwenzake yuko mlangoni mwa gari na kingine. Gari linadhani umefika. Wengine hawana haja hata ya ufunguo: London, mwaka 2022, RAV4 ya mtaalamu wa usalama wa magari, Ian Tabor, iliibwa baada ya wezi kuzifikia waya za taa ya mbele. Kwenye waya zile kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, hupokea ujumbe bila kuuliza nani kautuma.

Kwa hilo la waya, funga kufuli la usukani, lile la chuma. Kwa ufunguo, ulaze ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Kisha jaribu: sogea na kopo hadi mlangoni, shika kitasa. Mlango ukifunguka, tafuta kopo jingine.