Pete ya Pumpido, na kwa nini refa anakwambia uvue ya kwako

Msimu huu malalamiko yamekuwa mengi kwamba marefa wanachelewesha mechi kwa vitu vidogo, na kinachotajwa sana ni pete. Sisi tunaofundisha waamuzi tumeona tulieleze hili kupitia kipa wa Argentina, Nery Pumpido, maana wengi wanamjua kwa Kombe la Dunia ila habari ya kidole hawana.

1986 ulikuwa mwaka wake jamani. Alidaka mechi zote 7 kule Mexico, fainali wakaifunga Ujerumani Magharibi 3-2, akarudi klabu yake ya River Plate wakabeba Copa Libertadores, yaani kombe la klabu bingwa Amerika Kusini, mwezi wa 12 wakaipiga Steaua Bucharest 1-0 Tokyo wakachukua na kombe la mabara. Mwaka uliofuata yuko mazoezini na klabu yake, karuka kufuata mpira, pete ya ndoa ikanasa juu ya goli pale kwenye mtambaa panya. Mwili unashuka, pete imeshikwa, kidole kikanyofoka. Madaktari wakakirudishia na akadaka tena.

Naomba hapo kwenye mazoezi pasomwe vizuri. Hakukuwa na refa wa kumwambia avue. Sasa mtu anavua mbele yetu siku ya mechi, halafu wiki nzima anadaka nayo kwenye goli la mbao lenye misumari ya kufungia nyavu!

Kuna wanaosema kidole ndicho kilimpa Goycochea, kipa mwenzake wa Argentina, namba. Sio kweli, na tumeshalisahihisha mara nyingi. Kombe la Dunia la Italia 1990 Pumpido ndiye aliyeanza, lile bao la kichwa la Omam-Biyik wa Cameroon lilimponyoka yeye, kisha mechi ya pili na Urusi ya zamani akavunjika mguu, ndipo Goycochea akaingia. Baadaye akawa kocha, na 2002 akiwa na Olimpia ya Paraguay, klabu inatimiza miaka 100, walifungwa 1-0 nyumbani Asunción kwenye fainali ya Libertadores, wakaenda Brazil wakaifunga São Caetano 2-1 na kumaliza kazi kwa matuta 4-2. Kombe lilelile kalibeba kama kipa na kama kocha, ni wachache sana wa hivyo.

Turudi kwenye utaratibu. Refa anakagua wachezaji kabla ya mechi, na wa akiba kabla hawajaingia. Akikuta pete anakuamuru uvue. Ikigundulika mpira unaendelea halazimiki kusimamisha mchezo, ukishindwa kuivua unatoka mpira ukisimama, na kurudi ni mpaka ukaguliwe na refa akuruhusu. Ukikataa, au ukaivaa tena, njano. Ukirudi bila ruhusa, njano nyingine, na mbili tunajua zinazaa nini, kwa hiyo asilaumiwe refa. Na ile plasta mnayozungushia juu haizuii kitu, msumari ukiikamata pete hauulizi kama imefunikwa. Glavu nazo hivyohivyo, kipa asijifiche nyuma ya glavu.

Pete ikigoma kutoka tumia sabuni na maji, taratibu, ukiwa nyumbani, sio dakika mbili kabla ya kipenga.

Ikitokea kidole kimenyofoka, bana jeraha kwa kitambaa safi na unyanyue mkono juu. Kidole chenyewe kisisuguliwe wala kumwagiwa spiriti, kifunge kwenye shashi au kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, tia kwenye mfuko wa nailoni ufunge, kisha mfuko ndio ukae kwenye barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja, hapo ndipo watu wanakiua wakidhani wanakiokoa. Halafu mgonjwa na kidole chake waende pamoja, haraka, hospitali yenye daktari wa upasuaji, msianze kuzunguka zahanati. Makocha wa timu za mtaani, hayo ya barafu na mifuko tunaomba yawe kwenye begi la huduma ya kwanza kila mazoezi.