Mbio za Mchujo: Hatari Iko Chini, kwenye Mstari Mweusi

Watazamaji wengi wa mbio za baiskeli za velodromu, yaani uwanja wa mviringo ambao njia yake imeinuka upande wa nje, hudhani kwamba anayetolewa katika mbio za mchujo ni yule aliyeishiwa nguvu. Mimi ninayefundisha mchezo huu naona kwamba, hasa katika nusu ya kwanza, hutolewa aliyekaa mahali pabaya huku miguu yake ikiwa bado mizima.

Katika uwanja wa mita 250, mchujo hufanyika kila baada ya mizunguko miwili, na anayetoka ni yule ambaye gurudumu lake la nyuma, wala si la mbele, limevuka mstari baada ya wengine wote. Wanapobaki wawili, hukimbizana kumpata mshindi. Wakianza 20, mbio huchukua mizunguko 38, yaani kilomita 9.5.

Mtego wenyewe uko chini, kwenye mstari mweusi uliochorwa karibu na ukingo wa ndani, ambako njia ni fupi kuliko kwingine kote na kwa hiyo huwavutia wageni wa mchezo. Anayekimbilia pale, akiwa nyuma ya kundi, ana gurudumu la mwenzake mbele, kiwiko cha mwingine kuliani, na kushoto kwake ukanda wa buluu ambao haruhusiwi kuutumia kupita. Baiskeli yake haina breki, na pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Kengele ya mzunguko wa mchujo inapolia, walioko juu huteremka kwa kasi na kumpita, naye hana pa kutokea hadi namba yake itangazwe.

Kukaa juu nako kuna gharama, kwa kuwa kila mita moja ya kujitenga na mstari mweusi humwongezea mtu mita kadhaa kwa kila mzunguko. Hata hivyo, mimi huwashauri wanafunzi wangu wailipe gharama hiyo, wakae safu ya pili upande wa nje, karibu na mbele.

Elia Viviani wa Italia, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mchujo mwaka 2021 ulipoanzishwa, na tena 2022, alikuwa tayari bingwa wa Olimpiki wa omniamu, shindano linalojumlisha pointi za mbio kadhaa, ambalo sasa mchujo ni mbio yake ya tatu kati ya nne. Humo mshindi hupata pointi 40, na wa 20 hupata 2. Tofauti hiyo ya pointi 38 inakaribia thamani ya kulipita kundi zima kwa mzunguko kamili mara mbili katika mbio za pointi zinazofuata, ambako kila mara huleta pointi 20.