Mayai 12, viinitete 3: mengine yameenda wapi?

Asubuhi ya siku ya sita baada ya kutolewa mayai, dada mmoja alinipigia simu kabla sijabadilisha viatu vya nje. (Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike.) "Dokta, mlinitoa mayai 12. Leo naambiwa viinitete vitatu. Mengine mmeyapeleka wapi?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua, kwenye maabara ya kutungisha mimba nje ya mwili (IVF), ila kwa hapa Dar es Salaam kila anayevaa mavazi ya hospitali ni dokta, nami nimeshaacha kubisha. Swali lake lilikuwa la haki, na naliandikia jibu refu kuliko nililoweza kumpa kwenye simu.

Kwanza, lile 12 lenyewe. Mwanamke anapochomwa sindano ya mwisho ya homoni, mayai huvunwa baada ya saa 34 hadi 36. Ukichelewa mno, vifuko vya majimaji vinavyobeba mayai hupasuka vyenyewe na mayai hupotelea tumboni. Daktari hufyonza majimaji ya kila kifuko kwa sindano huku akitazama skrini ya ultrasaundi, kisha tyubu hupitishwa kwangu ingali ya moto kupitia kidirisha kidogo. Naimimina kwenye sahani, naweka chini ya darubini, natafuta. Yai lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita na limejificha katikati ya wingu la seli zenye ute, kwa hiyo ninachokiona kwa haraka ni wingu. Nikiliona naita "Yai!" na muuguzi anaandika. Namba anayoambiwa mgonjwa anapozinduka kwenye usingizi wa dawa ni hesabu ya mawingu, na hapo ndipo matumaini yanapoanza kutangulia mbele ya ukweli.

Tukishaondoa seli zile za nje ndipo yai linapojieleza. Yai lililokomaa huwa limetupa nusu ya kromosomu zake (nyuzi zinazobeba jeni), nazo huonekana pembeni kama kipovu kidogo ndani ya ganda. Lisilo na kipovu halijawa tayari kupokea mbegu. Katika mayai ya dada huyu, mawili hayakuwa nacho, tukabaki na 10.

Mbegu za mume nazo huandaliwa siku hiyohiyo. Tunaomba awe amekaa bila kumwaga mbegu kwa siku mbili hadi saba, na sampuli itolewe palepale kliniki, kwa sababu sampuli ya nyumbani inapaswa kutufikia ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, na anayetoka Mbezi asubuhi ya Jumatatu anajua saa moja ni kitu gani. Huoshwa, huzungushwa kwenye mashine kwa kasi, na zile zenye mwendo mzuri hutengwa. Zikiwa nyingi, huwekwa kwenye sahani pamoja na mayai, kiasi cha 50,000 hadi 100,000 kwa kila yai, na kuachwa zishindane. Zikiwa chache au dhaifu, tunatumia njia iliyochapishwa mwaka 1992 na wataalamu wa Brussels, Ubelgiji: kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano ya kioo iliyo nyembamba kuliko unywele.

Kazi hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Mrija mmoja hulishika yai kwa kulivuta taratibu, nami naligeuza mpaka kipovu kikae juu au chini kabisa, kwa kuwa mtambo wa asili ndani ya yai, ule unaogawa kromosomu, hukaa karibu nacho na sitaki kuuchoma. Walionifundisha walisoma mikao hiyo kwa mishale ya saa ya Kizungu. Mimi kichwani nasoma kwa saa yetu, kipovu saa sita au saa kumi na mbili, sindano iingie saa tisa. Mbegu huminywa mkia kwanza ili itulie, halafu huvutwa ndani ya sindano. Utando wa yai hunyumbuka kama mpira kabla ya kukubali, na pale unapokubali unauhisi vidoleni, ingawa mikono yako imeshika vishikio vya mashine tu.

Yai likichomwa saa nane mchana, natakiwa kulitazama baada ya saa 16 hadi 18, ndiyo maana natoka nyumbani alfajiri. Natafuta viini viwili, cha mama na cha baba, vikiwa vimekaa pamoja. Baadaye hutoweka na ushahidi hupotea navyo. Katika yale 10, saba yalikuwa na viini viwili. Mawili hayakuwa na kitu, na moja lilikuwa na vitatu, maana yake lilibeba kromosomu za ziada, nasi hatulitumii hata likigawanyika vizuri.

Kuanzia hapo maabara haifanyi lolote la ajabu. Huiga mirija ya uzazi na kukaa kimya. Inkubeta, yaani kabati tunamolea viinitete, hubaki nyuzi joto 37, kabonidayoksaidi karibu asilimia 6, na oksijeni asilimia 5, wakati hewa tunayovuta ina 21. Kila sahani ina jina, na hakuna yai wala mbegu inayohamishwa bila mtu wa pili kusimama kando akasoma jina kwa sauti. Hewa yenyewe huchujwa, kwani viinitete havina mapafu wala ini la kujitetea. Hapo naomba radhi kwa dada zangu wa pwani: udi na manukato, tafadhali, siku ya kuvunwa na siku ya kupandikizwa viachwe nyumbani. Najua ni siku ya kupendeza, lakini harufu nzuri ni kemikali inayosafiri.

Viinitete vyote saba viligawanyika, seli nne siku ya pili, karibu nane siku ya tatu. Kisha vinne vikasimama. Hili ndilo linalowaumiza wengi, nalo ndilo lenye maelezo ya wazi zaidi. Katika siku zile za mwanzo kiinitete huishi kwa akiba aliyoiacha mama ndani ya yai. Kati ya seli nne na nane ndipo jeni zake chenyewe zinapowashwa kikamilifu. Chenye kromosomu pungufu au zilizozidi mara nyingi hukwama hapo au mbele kidogo. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na kadiri miaka inavyosonga, hasa baada ya 35, makosa ya kugawa kromosomu huongezeka. Dada huyu ana miaka 38. Kwa umri huo, vitatu kutoka saba sikuviona kuwa hasara, ila sikumwambia hivyo kwa sababu hasara ni yake, si yangu.

Vile vitatu vilifika hatua ya blastosisti, vina uwazi wa maji katikati, fungu la seli litakalokuwa mtoto, na seli za nje zitakazokuwa kondo la nyuma. Kimoja niliandika 4AB: namba ni ukubwa wa uwazi ule, herufi ya kwanza ni fungu la ndani, ya pili ni seli za nje. Hizo ni alama za sura. Nimeona vya BB vikawa watoto na vya AA visishike.

Tulivigandisha vyote. Maji huondolewa kwenye seli na nafasi yake kuchukuliwa na dawa ya kinga, kisha kiinitete huzamishwa ghafla kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, kabla barafu haijapata nafasi ya kujijenga, na kuhifadhiwa humo ndani ya tangi. Wafugaji wanalijua tangi hilo. Mbegu za madume ya ng'ombe kutoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, husafirishwa ndani ya matangi ya aina hiyo. Na umeme ukikatika? Inkubeta ina betri na jenereta. Tangi halihitaji umeme kabisa, linahitaji mtu wa kuongeza naitrojeni kabla haijapungua.

Baada ya miezi miwili tulimpandikiza kimoja kwenye mfuko wa uzazi. Daktari alipomaliza alinirudishia mrija laini uliokibeba, nami kama kawaida nikausuuza chini ya darubini kuhakikisha kiinitete hakikunasa ndani, nikasema kwa sauti, "Mrija uko tupu."

"Tupu vipi tena, dokta?" akauliza kutoka kitandani. "Hicho nacho mmekipeleka wapi?"

"Hicho unacho wewe, dada."